Mlinzi Kaacha Kazi, Mbwa Kaacha Kula

Siku mbili za kwanza Jimi alikaa kimya, dada yangu akaona mambo yamekwenda vizuri. Usiku wa tatu simu ikalia kwake Mikocheni. Alikuwa mlinzi mpya wa nyumba yake ya Kerege, kijana ambaye hata godoro lake lilikuwa bado na nailoni.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usiku huu. Huyu mbwa kama karukwa. Amechimba chini ya geti mpaka kucha zinatoka damu. Ugali wa jana hajagusa, wa leo hajagusa. Halafu udenda unamtoka."

Hilo la udenda ndilo lililotuamsha alfajiri. Mbwa akibadilika ghafla na kuanza kudondosha mate, wazo la kwanza ni kichaa cha mbwa, na ni haki liwe la kwanza. Ugonjwa huo ukishaonesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Tukampigia afisa mifugo, akatukuta Kerege na pikipiki yake.

Yule bwana hakuanza na mbwa. Alisimama nje ya geti akaomba cheti cha chanjo, akasoma tarehe, akauliza kama Jimi amepigana na mbwa wa nje au ameng'ata mtu. Kisha akamtazama kupitia nondo za geti, kwa muda. Jimi alikuwa anahema, kidevu kakilaza ukingoni mwa shimo alilochimba. Kijana alipomsogezea maji alikunywa, akameza bila taabu. Alimtambua dada, akatikisa mkia mara mbili tatu, akarudi kulala palepale. Ndipo afisa akauliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Hapa kaondoka nani?"

Aliyeondoka ni Babu. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alilinda pale tangu nyumba haijapauliwa, na wiki ile aliaga kurudi kwao Kondoa kwa sababu magoti yamechoka. Jimi aliletwa mikononi mwake akiwa mtoto ndani ya boksi la sabuni, mbwa wa kienyeji, kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Anayelipia dona, dagaa na chanjo ni dada, na cheti kina jina lake. Lakini dada huja Jumamosi akaondoka Jumapili jioni. Ukimuuliza mbwa ni wa nani, atakwambia wake. Jimi hakuwahi kuulizwa.

Nyumba za namna hii zimejaa siku hizi kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege, hadi Kiromo na Bagamoyo yenyewe. Wenye nyumba wanaoishi humo wengi wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuiwahi foleni ya mjini, wanarudi usiku. Wengine, kama dada, ni wa mwisho wa wiki. Mchana kutwa ndani ya ukuta anabaki mlinzi, au dada wa kazi, na mbwa.

Zamani pwani hii haikuwa hivyo. Wenyeji wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa Bagamoyo alikuwa wa shambani, wa uani na wa ufukweni, hakuingia sebuleni. Hiyo si kusema alidharauliwa. Katika kisa cha Watu wa Pangoni, kwenye Sura ya Kahf, mbwa yumo, kanyoosha miguu yake kizingitini. Mbwa wa mtaani hakuwa na taabu ya kuachwa, maana mwenye nyumba akiondoka naye huondoka. Atamsindikiza mpaka stendi, atapitia soko la samaki kuona kama kuna kichwa cha changu kilichotupwa, kisha atarudi kwa wakati wake. Ili mbwa aachwe, lazima kwanza pawe na geti.

Sasa, je, wajua kwamba sayansi ya jambo hili la kuachwa ina mzizi wake hapa Afrika Mashariki? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala. Akiwa chini ya taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, akiwatazama watoto wachanga 28. Aliyoyaandika ni mambo ambayo kila aliyelea mtoto anayajua, ila hakuna aliyekuwa ameyapanga kwa utaratibu ule. Mtoto anatambaa, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea na safari yake. Mama akitoka, mchezo unakwisha. Akirudi, mtoto anamparamia, akishatulia anashuka kwenda kucheza tena. Mama ni gati, chombo kinang'oa nanga hapo na kurudi hapo. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kutokana na yale aliyoyaona, akiwa Baltimore, Marekani, aliunda jaribio maarufu la chumba kigeni. Mama na mtoto wanaingia, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi, na kila tendo la mtoto linaandikwa.

Mwaka 1998, mjini Budapest, József Topál na wenzake walilipitisha jaribio hilohilo kwa mbwa 51 na wenye mbwa hao. Mwenyewe akiwepo, mbwa walichunguza chumba na kucheza. Akitoka, wakaenda kusimama mlangoni. Akirudi, walimlaki kwa namna ambayo mgeni hakuipata hata alipojitahidi. Kwa maneno mengine, mbwa mzima anamshika mtu wake kama mtoto wa Buganda anavyomshika mama yake. Mwaka 2015 Wajapani wakaongeza la kemia: mbwa na mtu wake wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayopanda mama anaponyonyesha.

Katika yote hayo hakuna aliyepima nani analipia chakula. Kilichopimwa ni nani yupo.

Kuna jambo la pili, na hili naona watu wengi hulikosea. Tunadhani mbwa anasumbuliwa na urefu wa muda. Huko Sweden, Therese Rehn na Linda Keeling waliwaacha mbwa 12 nyumbani kwao peke yao kwa nusu saa, saa mbili na saa nne, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Baada ya saa mbili mbwa walimlaki mwenyewe kwa bidii kuliko baada ya nusu saa. Kati ya saa mbili na saa nne, tofauti haikuonekana. Mbwa hakai akihesabu dakika kama abiria wa daladala. Anachosoma ni dalili, na mfuatano wake.

Nenda ufukweni Bagamoyo utaliona hili bila maabara. Kuna mbwa jike mmoja, sikio limechanika, ambaye nimemtazama asubuhi kadhaa akilala kivulini chini ya ngalawa. Watu wanapita, watoto wanapiga kelele, hainui kichwa. Mvuvi wake akishika pondo tu, anainuka, anajinyoosha, anamfuata hadi maji yanapomgusa kifua. Anasimama pale mpaka ngalawa inapungua kuwa kitu kidogo, anarudi kulala. Halii wala hachimbi. Ajabu ni kwamba ratiba yake haishikiki kwa saa ya ukutani. Maji ya pwani hii huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo ngalawa inatoka saa mbili, kesho karibu saa tatu, na bamvua ikipisha maji mafu mambo yanageuka tena. Saa inahama kila siku, lakini dalili ni zilezile: mtu, pondo, maji, kuondoka, kurudi na harufu ya samaki. Kwa mbwa hiyo ni ratiba madhubuti.

Ramadhani ni mfano mwingine, tena mkubwa, kwa sababu mji mzima unabadili mwendo kwa usiku mmoja. Jiko la mchana linazimika, makombo yanatoka baada ya futari na tena baada ya daku. Mbwa wa mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo wanahamisha usingizi wao, mchana wanalala kama wafungaji, na kumi la kwanza halijaisha wameshajua mlango upi hutoa nini na saa ngapi. Shida inakuja Idi. Tulikuwa na jirani ambaye mbwa wake alikuja kukwaruza mlango wa uani saa kumi usiku, kuamkia Idi Pili, anadai daku. Jirani alitukana, kisha akacheka, kisha akaamka kumpa.

Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, anakumbukwa zaidi kwa mbwa wake waliojifunza kwamba ishara fulani hutangulia chakula. Wakati mwingine ilitosha kusikia nyayo za mlishaji na mate yakaanza. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi upande wa huzuni. Funguo zikilia, viatu vya kazini vikivaliwa, begi likichukuliwa, mbwa ameshaelewa, na moyo wake unaanza kwenda mbio kabla mlango haujafungwa.

Korona ililigeuza jambo hili kuwa jaribio la dunia nzima. Kwetu hapakuwa na amri ya watu kujifungia ndani, lakini shule zilifungwa Machi 17, 2020, na za msingi na sekondari zikafunguliwa Juni 29. Kwa miezi mitatu na zaidi watoto walishinda nyumbani, na mbwa wa uani walipata wachezaji wa kutwa. Jumatatu ile ya kufungua, njia ya shule karibu na kwetu ilikuwa na mbwa karibu wengi kama wanafunzi. Mwalimu wa zamu alisimama getini na fimbo asijue aanze na nani.

Waliopima kwa tarakimu ni Waingereza. Watafiti waliwafuatilia mbwa 1,807 kati ya Februari na Oktoba 2020. Idadi ya walioonesha dalili za kuhangaika wanapoachwa ilishuka kwa ujumla, kutoka asilimia 22.1 hadi 17.2, jambo la kutarajiwa, maana waliachwa kwa nadra. Lakini ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na habari nyingine. Asilimia 9.9 ya mbwa walipata dalili ambazo hawakuwa nazo mwanzo, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao saa zao za kuachwa zilipungua mno wakati wa karantini. Raha iliyokuja kwa ghafla iliwaondolea mazoea ya upweke.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika nywele za watu na manyoya ya mbwa wao 58. Mtu ambaye kiwango chake kilikuwa juu kwa miezi, mara nyingi na mbwa wake alikuwa hivyo. Kwa hiyo mtu anapopata kazi mpya inayomkosesha usingizi, mbwa anapokea mambo mawili kwa mpigo: ratiba iliyovurugika na bosi aliyevurugika.

Turudi Kerege. Afisa mifugo alipohakikisha kwamba chanjo haijapitwa na muda na kwamba Jimi anameza, alimwagiza kijana amwangalie kwa siku kumi hata hivyo, asimruhusu kutoka. Akasema pia jambo ambalo kila mwenye mbwa anapaswa kulijua: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa unamjua kwa jina. Baada ya hapo akaanza upelelezi.

Alitaka kujua Jimi anachimba wapi na lini. Mbwa aliyechoshwa na kukosa kazi huharibu chochote, ndala, ndoo, miche ya mipapai, saa yoyote. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huharibu njia ya kutokea, yaani geti, mlango, dirisha, na mara nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza. Huhema, hudondosha mate, hula kidogo au hali kabisa. Jimi alikuwa ameacha mipapai yote salama. Shimo lake lilikuwa moja, chini ya geti, upande ambao Babu alitokea na begi lake.

"Umempiga?" afisa akamuuliza kijana.

Kijana akatazama chini. Alikuwa amempiga ufagio, mara moja, alipokuta shimo. "Lakini anajua kosa, mzee. Ukimsogelea tu anainamisha kichwa."

Hili la mbwa kujua kosa ni la kila nyumba. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz aliwajaribu mbwa 14. Wengine walikula kitafunwa walichokatazwa, wengine hawakula, na wenye mbwa wakaambiwa mara ukweli, mara uongo. Sura ya kujutia ilitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekosa au hakukosa. Kichwa kilichoinama kinamjibu mtu aliyesimama mbele yake na ufagio. Shimo la jana halimo katika mazungumzo hayo.

Kisha sisi wenyewe tukafanya kosa. Dada alimpigia Babu simu, akaweka sauti ya nje ili Jimi amsikie. Babu akaita, "Jimi! Jimi wee!" Mbwa aliruka, akazunguka nyumba mara mbili, akanusa nyuma ya tangi la maji, kwenye kibanda, chini ya kitanda cha kijana, akarudi kuitazama simu kwa upande wa nyuma. Halafu akaenda getini akalia. Afisa akatuomba tuizime sauti hiyo.

Alichotaka kwa Babu ni ratiba, na Babu akaitoa kama mtu anayesoma shahada. Saa moja kasoro jioni anawasha redio. Anasonga ugali, anakula yeye kwanza, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda. Akimaliza anakwangua ukoko, anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu, anampa Jimi ukoko mkononi, ndipo anamwekea bakuli lake. Baada ya hapo wanazunguka ukuta pamoja, kwa kulia, hata siku moja si kwa kushoto. Kijana, kwa nia njema kabisa, alikuwa anampikia Jimi peke yake na kumwekea bakuli saa kumi jioni ili amalize kazi mapema. Hakuna redio, hakuna mwiko, hakuna ukoko. Kwa Jimi ile haikuwa chakula cha jioni. Ilikuwa dona kwenye bakuli.

Habari njema katika utafiti wa mbwa ni kwamba fundo jipya hufungwa upesi. Wahungaria walewale, mwaka 2001, walichukua mbwa wa vituo vya mbwa waliotelekezwa, wakamkabidhi kila mmoja kwa mtu asiyemjua kwa vipindi vitatu vya dakika kumi. Walipowapima, mbwa wakaonesha kwa yule mtu tabia za kushikamana. Nusu saa kwa jumla. Kwa hiyo kijana aliagizwa asimbembeleze wala asimfungie mnyororo, maana mnyororo humzidishia mbwa wa namna hii hofu. Akae kwenye kigoda kilekile, amwache Jimi asogee mwenyewe. Ashike tochi na funguo mara nyingi kwa siku bila kwenda popote, mpaka vyombo hivyo vipoteze maana yake mbaya. Kisha atoke getini kwa dakika moja, arudi bila mbwembwe. Kesho dakika tatu. Mbwa akishindwa kabisa zipo dawa, klomipramini na fluoksetini, ambazo hata binadamu wenye sonona hupewa, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari wa mifugo, na bila mazoezi haya hazifiki mbali.

Dada alikuwa na wazo lake: anunue mbwa wa pili wafarijiane. Afisa akamwambia mara nyingi hilo haliponyi, kwa sababu aliyekosekana ni mtu. "Utakuwa na mashimo mawili, mama."

Siku ya nne jioni ujumbe ukaingia Mikocheni: "Mama kala. Kaanza na ukoko." Wiki mbili baadaye shimo la geti lilikuwa limefukiwa na halijafukuliwa tena, na Jimi alikuwa ameanza kumbwekea muuza maji kwa dharau yake ya zamani.

Wiki ya tatu kijana akapiga simu mwenyewe. Amkio, hali ya nyumba, hali ya mbwa, kisha akafika kwenye haja yake: anaomba ruhusa ya siku tano, kuna harusi ya kaka yake Lushoto.

Dada alinyamaza kidogo. "Sawa, baba. Ila leo nenda dukani kwanza, dakika kumi. Kesho utanisaidia kufika Mapinga na kurudi. Harusi ni lini vile?"